Jipu Mbili na Kipoyi Kimoja

Shemeji yangu wa hapa Walikale, mdogo wa bwana yangu, hawezi kuona picha ya gari la jipu kwenye simu bila kuniletea. Simu zinashika mlimani tu, nyuma ya kanisa, na kila akishuka kutoka kule ana picha mbili za kulinganisha: jipu kubwa na jipu ndogo, zote za kompanyi moja ya Japani, zote na alama ile ile kwenye pua. "Shemeji, weye uliendeshaka," ananiambia. "Sema, kati ya hizi mbili ungechukua gani?" Naacha kumenya mihogo, nafuta mikono, natazama. Halafu nauliza swali langu moja tu: "Kipoyi itaingia?" Anacheka mpaka anakaa chini, akidhani ni utani wangu. Bwana yangu, ambaye alikuja kunioa Masisi na akayaona yote kwa macho yake, hacheki.

Nieleze basi, maana najua wengine hawakukulia kilimani. Kipoyi ni kitanda cha kubebea mgonjwa. Kinafumwa kwa mianzi na kamba, na pembeni kina miti miwili, mirefu kuliko kitanda chenyewe, ili mabega ya watu yapate nafasi mbele na nyuma. Kwetu, upande wa Nyamitaba, nyumba nyingi ziko juu na barabara iko chini, na katikati kuna mashamba ya maharagi, malisho ya ng'ombe na utelezi. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu hawezi kushuka pale kwa miguu yake. Kwa hiyo kila mwanaume wa kilima alikuwa katika chama cha kipoyi. Filimbi ikilia, unaacha jembe, unakuja. Asiyekuja na hana sababu, analeta pombe ya ndizi ya kuomba msamaha, na wenzake wanainywa huku wanamtazama kwa jicho baya. "Leo kwangu, kesho kwako," walisema, na hawakuwa wanatania.

Papa yangu alikuwa na ng'ombe na alitengeneza fromaji, ile jibini yetu ya Masisi ambayo watu wa Goma wanaisifu utadhani wao ndio waliokamua. Ng'ombe hao ndio walituletea jipu. Aliinunua Goma ikiwa imezeeka tayari. Zamani ilikuwa nyeupe. Sisi tuliikuta na rangi ya maziwa yaliyolala. Ilikuwa ndefu, na viti viwili mbele, kiti kipana katikati, na nyuma benchi mbili zinazotazamana. Milango ya nyuma ilifunguka huku na huku kama kabati. Siku ya kwanza, kabla hata hajamzungusha Mama kidogo aonekane na watu, Papa alishika spana zake, akafungua boluti, akakitoa kile kiti cha katikati na kukiingiza nyumbani. Kikawa fotei yetu ya saluni, kiti cha wageni sebuleni. Mama alikifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, na sisi watoto tuligombania kukaa pale kwa sababu kilikuwa bado na mikanda. Tulikula ugali tumejifunga mikanda, kaka yangu na mimi, tukipiga honi kwa midomo.

Mama alinuna juma zima. Alikuwa amejiona tayari amekaa kwenye kile kiti, na kitenge kipya, akienda ibadani. Papa alimwambia, "Mama wa watoto, kipoyi italala wapi?" Mama akajibu, "Na mimi nitakaa wapi?" Ndipo akaanza kukaa kwenye benchi ya nyuma pamoja na magudulia ya maziwa, na akazoea, ingawa kila mgeni akikaa kwenye ile fotei yeye alimkumbusha kuwa amekalia gari.

Kipoyi kililala hivi. Milango ya nyuma inafunguliwa, wabebaji wanasukuma miti polepole, kitanda kinapita katikati ya benchi mbili mpaka mbele. Kiti cha pembeni ya dereva kinalazwa kabisa. Mti mmoja unakuja kusimama karibu na kiwiko cha dereva, mwingine unafika karibu na mlango wa pili. Milango ya nyuma inafungwa, na wabebaji wanakaa kwenye benchi huku na huku, mgonjwa wao katikati ya magoti yao. Kichwa cha mgonjwa kinakuwa nyuma ya sikio la dereva. Hakuna anayehamishwa, hakuna anayeinuliwa mara mbili. Na huko kwetu mvua ikikata barabara, kama ilivyoikata kila mwaka, jipu inasimama, kipoyi kinatoka na mtu wake juu, na mabega yanaendelea mpaka hospitali ya Masisi. Njo maana kilima kizima kilisema jipu ni ya Papa lakini nafasi yake ni ya kipoyi.

Mimi niliendesha ile jipu kuliko mtu yeyote. Kaka yangu alikwenda mapema kufanya biashara Rubaya, akiwauzia wachimbaji maharagi, mafuta na buti za plastiki, na Papa akabaki na binti. Alinifundisha malishoni, ng'ombe wakitazama. "Motokari haijue kama uko muanamuke," aliniambia. "Inajua tu kama uko na haraka." Halafu moyo wake ukaanza kumchosha. Muganga wa hospitali ya Masisi alimkataza kubeba na kumkataza kuendesha, na Papa alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyefukuzwa kanisani. Tangu hapo filimbi ikilia, nilikimbia mimi. Niliendesha na sikio. Mgonjwa akipumua vizuri nilishika mwendo. Akianza kukoroma vibaya nilijua mashimo yote sasa ni adui zangu. Watoto wawili walizaliwa nyuma yangu kabla hatujafika, na mmoja wao leo ni kijana mkubwa ambaye hanisalimii, mwenye kiburi kama nini.

Basi nikapata mchumba. Alikuwa mwalimu kutoka Walikale, aliyetumwa kufundisha kwetu, mtu wa msitu mwenye maneno machache. Kwetu binti hapewi shamba. Anaolewa, anakwenda kula shamba la wengine. Lakini Papa aliniita tukiwa tunakamua, akaniambia bila kunitazama, "Barabara ya Walikale iko mubaya. Utaenda na jipu. Njo sehemu yako ya urithi." Nilimwaga maziwa. Sijawahi kupewa kitu kikubwa namna ile, wala kabla wala baada. Niliitaka jipu ile kuliko kitenge chochote cha harusi, na sioni haya kusema hivyo. Niliipenda. Nilijua kila kilio chake.

Papa akaongeza sharti moja. Kilima hakiwezi kubaki bila jipu, kwa hiyo kaka yangu, ambaye mambo yake yalikuwa yamenyooka, alete nyingine. Ikifaa, ile ya zamani inaenda na mimi. Kaka akakubali mara moja, mtu wa moyo mweupe, na akanipigia simu: "Dada, anza kufunga mizigo."

Alifika siku ya Mungu, ibada ikiwa inaisha, na pasta mwenyewe alikatisha matangazo. Jipu yake ilikuwa ya kijivu, inang'aa, ya kompanyi ile ile. Aliisimamisha mbele ya kanisa, pua kwa pua na ya Papa. Akaonyesha alama kwa kidole, kwanza hii, halafu ile. "Papa, tazama. Iko kompanyi moja. Hii ni mutoto wa ile yako."

"Watoto wengine hawafananane na wazazi," Papa akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Sitasema uongo: ile mpya ilikuwa nzuri. Watu walizunguka jipu mbili zile mpaka nyasi zikalala. Mlango wa jipu yetu ulitaka uinuliwe kidogo kisha upigwe kwa nyonga. Wa kaka ulijifunga kwa sauti ndogo ya heshima. Vioo vyetu vilizungushwa kwa mkono, na kimoja kilikuwa na kipande cha mti kikikizuia kisianguke. Vya kaka vilishuka kwa kidole. Ndani ya ile mpya kulikuwa na moto wa kupasha miguu, na yeyote aliyewahi kuamka Masisi asubuhi ya mwezi wa saba anajua thamani yake. Mama alipanda, akakaa. Viti vilikuwa vya ngozi. Alipitisha mkono, akavua viatu, akaweka miguu penye moto, na akafumba macho mbele za watu wote. Nikasema moyoni, jipu yangu imepatikana.

Halafu kulikuwa na kioo kidogo kama cha televisheni mbele ya dereva, kinachoonyesha nyuma. Hicho kilileta vurugu. Mtu mmoja alisimama nyuma ya jipu, mwenzake akakaa ndani kumwona, kisha wakabadilishana, na baada ya muda kulikuwa na mstari wa watu waliovaa nguo za ibada wakingoja kuonekana. Mzee mmoja alikwenda kuleta mbuzi wake. Pasta naye alipita, akajifanya hakupanga mstari.

Kwa upande mwingine, jipu ya Papa ilikuwa na miguu mirefu. Ilipita juu ya mawe ambayo ile ya kaka ingeyabusu kwa tumbo. Ilikunywa mazuti, ile dizeli, kama mlimaji anayerudi shambani, lakini ilikunywa yoyote uliyoipa. Na sauti yake ilisikika kutoka kilima cha pili, ndiyo maana Mama aliweka sufuria ya chai motoni kabla hatujatokea. Ya kaka ilikuja kimya hata kuku hawakuhama. "Hii itaniua kuku," alisema jirani mmoja, akaitikiwa.

Papa aliacha watu wafurahi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa, mkono kifuani, kama alivyozoea siku zile. Watu walipotulia akasema, "Sasa muniletee kipoyi."

Kaka yangu alicheka. Alikuwa amelingoja neno hilo. Akatoa mfukoni kamba yenye fundo. "Papa, mimi niko mutoto wako. Noeli nilipokuja, nilipima. Kabla ya kununua, niliingia mu jipu na kamba hii. Inatosha kabisa." Nilitaka kumkumbatia. Kipoyi kilikuwa kinawekwa chini ya paa la kanisa, kwa hiyo hakikukawia. Kaka alilaza viti vya nyuma, vikawa sawasawa kama meza. Mlango wa nyuma ukapanda juu. Wanaume wakasukuma.

Kitanda kiliingia vizuri, kama alivyosema, bila hata kidole kuzidi. Ila miti iligonga. Viti vya mbele vilikuwa vinene, havikulala chini kama vya kwetu, na katikati yao kulikuwa na sanduku la kuwekea vikombe, limeshikamana na gari lenyewe. Nyuma miti ilitoka nje, na mlango ukabaki juu hewani. Waligeuza kichwa mbele, wakageuza kichwa nyuma, wakajaribu kukilaza upande. Hakuna.

Kaka alitazama kamba yake. "Nilipima kitanda," akasema. "Miti sikupima."

Jirani yetu mmoja, mama mzima aliyewahi kubebwa mara nyingi kwa uzazi wake, alimshika bega kwa huruma. "Mutoto yangu, ulipima mugonjwa, ukasahau wabebaji."

Watu walicheka, naye akacheka, lakini mimi nilikuwa nimeshika mlango wa jipu ya Papa na sikucheka hata kidogo. Kaka aliona uso wangu. Akasema kwa haraka kwamba miti inaweza kukatwa. Mmoja wa wabebaji, mtu mrefu wa mbele, alimuuliza polepole, "Na bega yangu nitaiweka wapi?" Kaka akajaribu tena: mgonjwa atolewe kwenye kipoyi, alazwe kwenye viti. Hapo Papa akajibu yeye. Akamuuliza, mvua ikikata barabara, nani atamtoa mtu mwenye mgongo uliovunjika kwenye viti na kumrudisha kwenye kipoyi, matopeni.  Kaka alikunja kamba, akairudisha mfukoni.

Nilikasirika na kaka yangu kwa namna ambayo sasa inanichekesha. Nilimwita mpima-nusu. Nilimwambia kichwa chake ni kama saluni yetu, kiti cha gari kipo lakini hakiendi popote. Yeye, maskini, alikuwa amenunua jipu kwa ajili yangu, na hakuwa na pa kuirudisha.

Jioni ile, jua bado liko juu ya kilima, Papa aliniita uani. Akasema ahadi ni ahadi. Jipu ni yangu, nitaenda nayo, na kilima kitarudi kwenye mabega kama zamani za babu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza ng'ombe gani atazaa. Mimi nikasema aksanti Papa. Nilisema, ndiyo, kwa sababu niliitaka. Lakini nilipomtazama alikuwa tena na mkono kifuani, na alikuwa anapumua kama wale ninaowabeba nyuma ya sikio langu.

Mama ndiye aliyekata maneno. Asubuhi alinikuta naosha jipu, akavua ndara zake, akapanda kwenye kiti cha dereva, na akashika volani kwa mikono miwili kama anayeshika pembe za mbuzi. "Papa yako ataanguka siku moja," akasema. "Weye utakuwa Walikale. Mabega ya hapa ni ya nguvu, lakini Masisi iko mbali, na moyo haingoje. Acha jipu. Unifundishe."

Nilimwambia yeye ni mtu mzima. Akaniambia hata jipu ni mtu mzima. Nikaingia nyuma ya nyumba nikalia, nikalia kwa jipu, kwa Papa, kwa kuondoka. Nililia mpaka nikachoka, nikanawa uso, nikarudi na funguo. Sikuwa na furaha. Nilikuwa nimeona tu kwamba Mama amesema kweli, na mtu aliyekwisha kuona kweli hawezi kujifanya kipofu.

Siku za kumfundisha Mama ni siku ninazozikumbuka kuliko harusi yenyewe. Aliendesha peku, kwa sababu alisema miguu yenye viatu haisikii. Alisimama kwa kila mtu njiani kumsalimu, habari ya nyumba, habari ya mihogo, na kila akisimama injini ilizimika. Kurudi nyuma alikataa katakata. "Nilizaliwa kutazama mbele," alisema, na akitaka kugeuza alizunguka malisho yote, ng'ombe wakimpisha kwa adabu. Papa alikaa majanini na fimbo yake, akipaza sauti abadilishe gia: vitesi ya pili, Mama, ya pili, unaua chombo. Mama alimjibu kupitia dirishani kwamba yeye amelea chombo kigumu zaidi ya hicho. Sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja hivyo. Walikuwa wamekaa mume na mke miaka yote, na sasa walikuwa kama vijana wanaotegeana mtoni.

Wakati wa maharagi kukomaa, Mama alimpeleka mwanamke wa kwanza hospitali. Niliketi kwenye benchi ya nyuma kama mtu wa kawaida, mdomo umefungwa, kucha zimeingia kwenye mbao. Alifika. Alishuka, akafunga mlango kwa nyonga, na akaanza kusalimu walinzi.

Mimi niliolewa ndani ya jipu ya kaka. Aliomba mwenyewe, na nilikuwa nimemsamehe zamani. Kutoka kwetu hadi Masisi nilikuwa malkia: miguu kwenye moto, ngozi chini yangu, vumbi liko nje na mimi niko ndani. Baada ya Masisi barabara inaanza kushuka kuelekea msitu, hewa inapata joto, na matope ya kule hayaulizi alama ya kompanyi. Tulikwama. Tukakwama tena. Kaka aliharibu viatu vyake vya harusi, wale wa msituni walikuja na miti wakatunyanyua huku wanaimba, na mimi, bibi harusi, nilikaa kwenye volani kwa sababu ni mimi niliyejua kutoa gari matopeni. Tulifika rangi moja wote, jipu na watu.

Baba mkwe wangu, mwindaji, alizunguka ile jipu bila haraka. Kaka alimfungulia mlango wa nyuma, akamwonyesha zulia la ndani, laini, safi bado. Mzee akaligusa. "Iko muzuri," akasema. "Nguruwe ya pori ikitoka damu, mutaiweka wapi?" Kaka alinitazama, nikamtazama, tukacheka mpaka watu wa kwa bwana wakaanza kuuliza wameoa nini.

Sikupata jipu, basi. Hapa natembea, au napanda moto ya mtu, pikipiki hizi, mikono kiunoni kwake na macho nimefumba. Vita ilikuwa inapita na kurudi. Kuna miezi barabara ilifungwa na nilijua habari za nyumbani kwa simu tu, pale nyuma ya kanisa. Mama alinihesabia watu wake: amempeleka binti wa nani, mzee wa nani, mvua imemkatia wapi. Wakati mwingine aliweka tu simu karibu na dirisha la jipu na kuwasha injini, nami nilisimama mlimani Walikale na simu sikioni, nikisikia vizuri kwamba freni zinahitaji kuangaliwa. Niliikosa ile sauti.

Kisha ikaja simu isiyokuwa na sauti ya injini. Ilikuwa kaka, na alisema tu, "Dada, njoo. Papa."

Nilifika kwa moto ya kukodi, nimechelewa maziko. Nilimkuta Mama jikoni, kichwa amenyoa, anachochea moto chini ya sufuria iliyokuwa tupu. Sikumuuliza. Alianza mwenyewe.

Moyo ulimshika Papa asubuhi, akitoka kukamua. Filimbi ikalia. Kutoka mlangoni hadi jipu ni hatua chache tu, wangeweza kumbeba watu wawili, lakini chama chote kilikuja, na kila mmoja alitaka mkono wake uguse mti. Walimsukuma ndani, kichwa mbele, wakafunga milango. Mama akaondoa gari.

Mtu aliyelala kwenye kipoyi anaona paa la gari tu. Papa akauliza, "Tunapita wapi?" Mama akamwambia, tunapita kanisani. Baada ya muda akauliza tena. Tunapita kwa jirani, mahindi yake yamekomaa, ndege wanayala na yeye hayuko. Papa akasema yule mvivu. Akauliza tena, na Mama akamwambia tuko mtelemko wa mikaratusi, kuna mtu anapandisha magunia ya makaa. Tuko mtoni, penye daraja. Kuna wanawake wanafua, wanakusalimu. "Wasalimu," Papa akasema.

Baada ya daraja hakuuliza tena.

Mama alichochea moto. Wabebaji kwenye benchi, alisema, walitazamana. Mmoja alimshika bega: Mama, simama kidogo. Hakusimama. Aliendelea. Akasema kwa sauti, sasa tunapanda, ng'ombe wa watu wamejaa njiani, wanene. Sasa tunaona Lushebere, kambi ya waliokimbia vita, watoto wamepanga vidumu vyao penye maji. Sasa kuna ukungu kidogo. Sasa naona paa la hospitali.

"Mama," nikamuuliza, "ulijua?"

"Nilijua tangu daraja."

"Sasa uliendelea kumwambia ya nini?"

Alinitazama kama ninauliza kitu cha kitoto. "Alikuwa angali mu njia," akasema. "Sikutaka apotee."